Darsa ya Tahara: Khabari ya Sodo za Kufua

Somo letu la leo ni la tahara, na ndani ya tahara ni la hedhi, na ndani ya hedhi ni la kitu kimoja kidogo, nacho ni kile kitambaa ambacho mwanamke hujihifadhi nacho katika siku zake. Huenda baadhi ya ndugu zetu wanaume wakataka kuufunua ukurasa huu waende wa pili. Twawaomba wakae. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza wapate kuifahamu dini yao, na aliyekuwa akiulizwa alikuwa ni Mtume (s.a.w.), naye akijibu. Ikiwa yeye hakuona uzito kujibu, sisi tuna udhuru gani wa kuona uzito kusoma?

Suala lenyewe, ambalo kwa watu wa Garsen na vijiji vya Mto Tana si suala la kitabuni tu, ni hili: Je, yafaa mwanamke aache sodo za dukani za kutupa, ashike sodo za kufua? Na akizishika, tahara yake ni kamili? Na je, huko si kurudi nyuma, na hali dunia imekwenda mbele? Jibu letu ni kuwa yafaa, na katika nyumba nyingi ni bora. Lakini lina sharti, na sharti hilo halimwelekei mwanamke peke yake. Lamwelekea baba wa nyumba, tena kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tuanze na neno lenyewe. Leo ukilitamka neno sodo mbele ya msichana wa skuli atafahamu pakiti ya dukani. Lakini neno hilo lilikuwamo katika lugha yetu kabla ya viwanda hivyo kutufikia, na maana yake ilikuwa ni kitambaa cha mwanamke cha siku zake, hufuliwa kikawekwa. Bibi zetu wa pwani walichukua leso kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa, wakakata, wakakunja, na somo ndiye aliyemfundisha mwari namna ya kukivaa na kukitunza alipovunja ungo. Basi anayesema kuwa sodo ya kufua ni jambo geni lililoletwa na mashirika, huyo hakuuliza kwao.

Sasa tuitazame Garsen. Ni mji wa njia kuu, baina ya Malindi na Garissa, na maduka yapo, na pakiti za sodo zimepangwa pamoja na sabuni na majani ya chai. Lakini toka barabarani, uende vijiji vya ndani ya delta mpaka Ozi, au uwafuate Waorma wanaohama na malisho, utaona duka liko mbali, na fedha ziko mbali kuliko duka. Mkulima wa Kipokomo hupata fedha akivuna mpunga wake au akiuza maembe. Mfugaji hupata akiuza mnyama. Na damu ya mwezi haingoji mavuno wala mnada. Kisha juu ya hayo ndiyo nchi iliyopitiwa na ukame wa misimu mitano ya mvua iliyokosa mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2022, na kabla watu hawajavuta pumzi yakaja mafuriko ya Novemba 2023, na mengine ya Aprili na Mei 2024. Mtu aliyeuza mbuzi wake wa mwisho apate unga, je, ataweka kando shilingi za pakiti?

Na tufanye hisabu, kwa kuwa mambo haya hayapimwi kwa maneno. Tuseme pakiti moja ni shilingi 60, na tuseme mwanamke atumia pakiti mbili kwa mwezi asipate dhiki. Hizo ni shilingi 120 kwa mwezi, na 1,440 kwa mwaka. Nyumba yenye mama na mabinti watatu waliobaleghe yataka shilingi 5,760 kila mwaka, na vyote vinavyonunuliwa kwa fedha hizo mwisho wake ni shimoni au jaani. Wala serikali haikulala kabisa katika jambo hili: Kenya iliziondolea sodo kodi ya thamani mwaka 2004. Tanzania nayo iliiondoa mwaka 2018, kisha ikairudisha mwaka 2019, ikitaja kuwa bei madukani haikushuka. Na hilo ni funzo kuwa kodi ikiondolewa, si lazima mnunuzi ndiye atakayeonja utamu wake.

Kinachofuata ni kizito, na lau si faida yake tungeliacha. Mwaka 2015 ilichapishwa khabari ya uchunguzi uliofanywa magharibi ya Kenya, upande wa Nyanza, ambapo wanawake na wasichana karibu 3,400, wa miaka 13 mpaka 29, waliulizwa khabari za siku zao. Katika waliotumia sodo za dukani, thuluthi mbili walisema huletewa na wanaume walio na uhusiano nao. Wengine hao ni waume zao wa halali, na huo ndio wajibu wa mume. Lakini waliulizwa pia kama wamepata kuutoa mwili ili kupata fedha za kununulia sodo. Kwa jumla walioitikia walikuwa wachache, kiasi cha mmoja katika mia. Ila walipotazamwa wasichana wa miaka 15 peke yao, walikuwa kiasi cha mmoja katika kumi. Twaomba msomaji arudie kuisoma hisabu hiyo. Haikufanywa katika Mto Tana, na hatusemi kuwa ya Nyanza ndiyo ya Garsen. Twasema tu kwamba njaa ya kule na njaa ya huku ni moja, na kwamba baba anayekemea mabinti kwa uchafu wa tabia, na hali hajapata kuuliza binti yake hujihifadhi kwa nini, amefunga mlango akaacha dirisha.

Mtu atauliza: si kuna sheria? Iko. Mwezi wa Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi sheria inayoipasa serikali impe kila msichana aliyebaleghe, aliyeandikishwa katika skuli ya umma, sodo za bure, safi na za kutosha. Ni sheria nzuri na twawashukuru walioipigania. Lakini itazameni mipaka yake. Haimfikii mama yake msichana, wala dada yake aliyeolewa, wala yule aliyeacha skuli akachunga mbuzi, wala anayesoma madrasa tu. Na skuli zilipofungwa kwa maradhi ya korona, tangu Machi 2020 mpaka Januari 2021 kwa madarasa mengi, mgao uliokuwa ukipitia darasani ulikosa mlango wake wa kawaida. Kitu cha kupewa huja kwa njia ya mtoaji. Ikikatika njia, hukatika na kitu.

Basi turejee kwenye kitambaa, na tutazame dini yasemaje, maana wako wanawake wacha Mungu wanaoogopa kuwa kitambaa kilichopata kuingia damu hakitahiriki tena daima, na kwa hofu hiyo hukitupa, au hujitaabisha kwa kufua mara saba na kumi.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Asmaa binti Abubakar (r.a.) kuwa mwanamke mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akamwuliza khabari ya nguo iliyoingia damu ya hedhi afanyeje. Akamfundisha aikwangue, kisha aifikiche kwa maji, kisha aimwagie maji, kisha aswali nayo. Tazameni mambo mawili. La kwanza, hakumwambia aitupe. La pili, hakumwambia aiweke kando kwa ajili ya siku zake tu. Nguo ile ile iliyokuwa na damu asubuhi yaweza kusimama mbele ya Mola wake adhuhuri, mwenyewe akiwa ametoharika. Na imepokewa katika Abu Daud kuwa Khaula binti Yasaar alikuwa hana ila nguo moja, akauliza, na iwapo athari ya damu haitoki? Akajibiwa kuwa maji yamtosha, na ile athari haimdhuru. Wataalamu wa hadithi wamesema maneno juu ya sanadi yake, lakini maana yake imo katika matendo ya mafakihi, kama tutakavyoona.

Ama kuwa na vitambaa mahususi vya siku hizo, dalili yake iko katika hadithi ya Ummu Salama (r.a.), mkewe Mtume, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Alikuwa amelala naye chini ya shuka moja, hedhi ikamjia, akajichopoa polepole akaenda akachukua nguo zake za hedhi akazivaa. Mtume (s.a.w.) akamwuliza kama ameingia mwezini, akajibu ndiyo, akamwita arudi walale pamoja chini ya shuka ile ile. Nyumba ya Mtume, basi, ilikuwa na nguo zilizowekwa kwa kazi hiyo, huchukuliwa zikavaliwa, zikafuliwa, zikarejeshwa mahali pake. Na mwenye nyumba hakununa, wala hakumwambia mkewe alale pembeni. Aya ya 222 ya Suratul Bakara imekataza jimai katika siku hizo. Haikukataza kukaa pamoja, wala kula pamoja, wala kuzungumza. Yote anayotendewa mwanamke zaidi ya hapo, ya kutengewa sahani na kukatazwa kugusa chombo cha maziwa, ni mila za watu. Hayana asili katika Kitabu.

Na pamba je? Nayo imetajwa. Hamna binti Jahsh alipolalamika damu nyingi ya ugonjwa, Mtume (s.a.w.) alimweleza habari ya kutumia pamba. Na wanawake wa Madina walikuwa wakimpelekea Bibi Aisha kijikasha chenye pamba yenye umanjano ili awatazamie, akiwaambia wasifanye haraka mpaka waone weupe. Kwa hivyo katika zama zile zile pamba ilikuwako na kitambaa kilikuwako, na dini haikumlazimisha mwanamke hiki wala kile. Iliyomlazimisha ni tahara.

Sasa namna ya kufua, na hapa twataka akina mama wasome polepole, maana ndipo penye tatizo la mji wenye maji machache.

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, maji yasiyofika kulateni, yaani kiasi cha lita 200 hivi, huingia najisi kwa kutiwa najisi ndani yake hata kama rangi haikubadilika. Beseni la nyumbani halifiki hata robo ya kiasi hicho. Kwa hivyo anayechukua sodo yenye damu akaitumbukiza katika beseni, akaisugua, akaikamua akaianika, hajaitoharisha. Amehamisha najisi kutoka kitambaani kwenda majini, na kutoka majini kurudi kitambaani. Kuloweka si haramu, na kwa kulainisha damu ni jambo jema; ila lisiwe ndilo la mwisho. La mwisho liwe ni maji safi yaliyomwagwa juu ya kitambaa yakapita, si kitambaa kilichotiwa ndani ya maji. Hiyo ndiyo tafauti, na mwenye kuifahamu huokoa maji mengi, kwa kuwa kata mbili tatu zilizomwagwa kwa utaratibu hufanya kazi ambayo beseni tatu hazifanyi.

Aanze na maji baridi, wala si ya moto, maana moto huishikiza damu katika nyuzi. Amwage, afikiche mpaka damu yenyewe itoke. Kisha sabuni, asugue pande zote mbili. Kisha amwage maji juu yake mpaka yatiririke meupe, na hapo amekwisha. Likibaki doa baada ya kusugua kwa juhudi, kitambaa ni tahiri. Mafakihi wetu wamesamehe rangi peke yake au harufu peke yake ikishindikana kutoka. Yakibaki yote mawili pamoja, rangi na harufu, arudie. Wala hapana hisabu ya mara saba katika damu ya hedhi. Saba ni ya mbwa na nguruwe, na wanaoichukua wakaitia hapa wanajitwika mzigo ambao Mwenyezi Mungu hakuwatwika. Twalisisitiza jambo la doa kwa sababu watu wamelifanya kuwa kosa la mwanamke. Mwezi wa Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba alitakiwa atoke ukumbini mwa Seneti mjini Nairobi kwa ajili ya doa katika vazi lake. Ikiwa mwanamke mwenye cheo hutolewa nje, binti wa darasa la saba afanywaje?

Maji ya Tana yana rangi ya udongo, na wengine huuliza kama yatoharisha. Yatoharisha. Maji yaliyobadilika kwa udongo wa njia yake mwenyewe ni maji mutlaki, tahiri na yenye kutoharisha. Lakini kwa usafi wa kitambaa yaachwe yatuame usiku kucha, au yatiwe shabu kidogo, kisha yachotwe ya juu. Na tafadhalini, msiwapeleke mabinti kufua jambo hili mtoni alfajiri au usiku kwa kuona haya ya watu. Mto ule una mamba na viboko, na mwenye kwenda peke yake gizani ili asionekane na watu, huonekana na mamba. Maji yaje nyumbani, kufua kuwe nyuma ya ua.

Na hapa ndipo tunapofikia kuanika, jambo ambalo twaliona kubwa kuliko yote yaliyotangulia kwa upande wa afya. Desturi ni kuficha. Sodo hufuliwa ikatiwa chini ya godoro, au chini ya nguo nyingine katika kamba ya ndani, au hutundikwa chooni. Ikavaliwa kesho ingali na unyevu. Wako waliochunguza haya huko Odisha katika Bara Hindi: uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kuwa wanawake wa vitambaa vya kufua waliona dalili za maradhi ya siri zaidi kuliko wa sodo za kutupa. Mtu anayetaka kuziangusha sodo za kufua atasimama hapo hapo. Lakini uchunguzi mwingine wa huko huko, wa mwaka 2018, uliendelea mbele ukauliza vitambaa hivyo hukaushwa wapi na huwekwa wapi, ukakuta ukungu wa maradhi ukifuatana na kuanika ndani ya nyumba na kuficha chooni. Basi lawama si ya kitambaa peke yake, giza nalo lina sehemu yake. Jua la Garsen, ambalo hulalamikiwa mwaka mzima, ndilo dawa isiyonunuliwa. Kitambaa kianikwe juani mpaka kikauke kabisa. Na akiona haya, akitandikie leso nyepesi juu yake, upepo na joto vitapita. Mvua zikishika, apige pasi ya makaa. Kisha akiweke katika mfuko wa kitambaa, si wa nailoni.

Wanaume wa nyumba wana sehemu yao katika jambo hili, nayo ni kutouliza kile ni nini kilichoanikwa pale, au wakijua, kutofanya uso. Kaka anayemcheka dada yake kwa sodo iliyo kambani amemrudisha chini ya godoro, na maradhi yakimpata yeye ameshiriki.

Tulisema kuwa sharti lamwelekea baba, na sasa tulieleze. Sodo ya kufua yataka maji, sabuni, faragha na jua. Kitambaa chenyewe ni rahisi. Hivyo vinne ndivyo gharama. Ndoo ya maji kwa siku tano au sita katika mwezi, juu ya maji ya kupikia na kuoga, mahali ambapo maji huchotwa mbali au hununuliwa kwa dumu, ni jambo ambalo mwanamke hawezi kulikata peke yake. Katika nyumba nyingi yeye ndiye achotaye na yeye ndiye ajinyimaye. Mafakihi wa Kishafi, kama Imamu Nawawi katika Minhaji, wamevihesabu vyombo vya usafi, kitana na mafuta na kioshea kichwa, katika haki za mke juu ya mumewe. Najua yuko mwanafunzi atakayetwambia kuwa kitabu kicho hicho hakikumlazimisha mume thamani ya maji ya kuogea hedhi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Ni kweli, na twampongeza kwa kusoma. Lakini kauli ile yasema ni lipi kadhi aweza kumtoza mume kwa nguvu. Haisemi ni lipi mwanamume mwenye muruwa hulifanya nyumbani mwake. Na ama binti, khabari yake ni nyingine kabisa: nafaka ya mtoto asiye na mali haina kipimo ila kumtosheleza, na binti aliyebaleghe hajatoshelezwa ikiwa ana chakula na nguo ya Idi, na hana cha kujihifadhi nacho aende chuoni.

Kwa kuwa tumetaja chuo, neno moja kwa walimu. Binti aliye mwezini hashiki msahafu wala hasomi Kurani kwa nia ya kisomo, kwa madhehebu yetu. Lakini fikihi, sira, na lugha hazikukatazwa. Madrasa isiyokuwa ndani ya msikiti haina sababu ya kumrejesha nyumbani wiki nzima kila mwezi. Mwalimu ampe somo jingine, na choo cha madrasa kiwe na komeo na ndoo.

Ama kushona, si kazi ngumu. Upande unaogusa mwili uwe pamba laini au flana. Ndani yawe matabaka matatu manne ya kitambaa chenye kunywa maji, kama taulo kuukuu. Chini pawe na kitambaa kisichopitisha maji, cha namna ile ya mwavuli, ikiwa chapatikana. Urefu wa sentimita 25 hivi watosha kwa mchana, na wa usiku uwe zaidi. Pembeni ziwe mbawa mbili zenye kishikizo cha kufungia chini ya chupi. Sita mpaka nane zamtosha mwanamke mmoja, zikibadilishwa kila saa nne mpaka sita, na zikitunzwa hukaa mwaka na zaidi. Huko Uganda, karibu na Masaka, kiwanda cha AFRIpads kimezishona za namna hii tangu kiasi cha mwaka 2010, kikiwapa kazi wanawake wa hapo. Fundi cherahani wa Garsen hana upungufu wa ujuzi huo. Amepungukiwa na watu wa kumwagizia, na haya ya kumwambia ni nini.

Kiko pia kikombe cha hedhi, cha silikoni, ambacho mwanamke hujitia ndani, hukimwaga na kukiosha, na chaweza kukaa miaka kumi. Kilijaribiwa kwa wasichana wa skuli za msingi 30 magharibi ya Kenya, na khabari yake ilichapishwa mwaka 2016, wala hakikuonekana kuwadhuru. Kwa mwanamke aliyeolewa hatuoni kizuizi, maadamu kitachemshwa na mikono itaoshwa. Na kitu hicho chataka maji machache kuliko vyote. Kwa mwanamwali twajua wazazi wetu watakisitasitia, na kitambaa kipo, kwa hivyo hatutarefusha. Jambo moja tu la fikihi: asikitie mchana wa Ramadhani kwa kuitarajia damu kabla haijaja, kwa kuwa kuingiza kitu ndani hubatilisha saumu kwa madhehebu yetu. Ikishakuja damu, saumu imekwisha kuondoka yenyewe.

Hatusemi kuwa sodo ya dukani ni haramu, wala hatutaki mtu azichome pakiti zake. Msafiri, mgonjwa, na mwanamke aliyejifungua huenda wakastarehe nayo. Na katika siku za mafuriko, nyumba ikiwa imo majini na watu wako katika mahema juu ya kiinuko, maji yamezunguka pande zote na hapana ya kufulia wala kamba ya kuanikia, pakiti ya kutupa ni rehema, na anayepeleka sadaka kwa waliofurikiwa asisahau kuitia katika furushi la unga na blanketi. Lakini mafuriko yayo hayo ndiyo yanayotuonyesha aibu yake ya pili. Sodo ya kutupa ina plastiki ndani yake, nayo haiozi shimoni kama kitambaa; na choo cha shimo kikifurika, vilivyokuwamo hutoka. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, ikafanya hivyo kwa sheria kali, imeiacha plastiki hii ishuke na Tana mpaka Kipini, ambako watu huvua.

Imebaki sodo iliyochakaa. Kitambaa kikianza kupukutika au kutoshika tena, kisitupwe jaani mahali mbwa watakapokiburura, wala kisitiwe chooni. Kifuliwe mara ya mwisho, kikatwe, kifukiwe ardhini mbali na kisima na mbali na ukingo wa mto. Kitambaa cha pamba kitaoza na kuwa udongo. Ile sehemu isiyopitisha maji, kama ingali nzima, fundi aifumue na kuishonea mpya.